Bibi Habebi: Mifupa Yangu Baada ya Eda

Mwanamke mwenzangu, kama damu yako imeshakatika na leo umekaa mahali pamoja siku baada ya siku, iwe ni kwa kuuguza, kwa eda, au kwa kuonewa huruma tu, hebu simama kwanza. Zunguka hapo ulipo. Ukimaliza rudi usome, nami nitakueleza kwa nini nimekusimamisha.

Mimi ni mkulima wa mwani, Mlingotini, jirani na Kaole. Tangu usichana wangu sijui kazi nyingine. Maji yakitoka tunaingia baharini, tunachomeka vigingi, tunafunga mbegu kwenye kamba, na siku ya kuvuna tunarudi na viroba vya mwani mbichi vinavyochuruzika maji ya chumvi mpaka kwenye visigino. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na nyumbani kwangu wali haukuwahi kuwa mkavu. Mwili wangu ulikuwa mgumu, nikajivunia ugumu wake. Mume wangu Shabani alikuwa fundi cherehani, nguo zangu zote alishona yeye. Akinipima mabega alikuwa akinigonga kwa vidole na kusema, "Huyu si mke, huyu mlango wa mninga."

Hedhi yangu ilikatika mapema, miaka kadhaa kabla ya wenzangu. Kulikuwa na lile joto la ghafla, unapepea kanga kama umekaa jikoni kwenye shughuli, lakini sikulalamika. Niambie, nilalamikie nini? Nafunga Ramadhani nzima bila siku ya kulipa! Wenzangu wakifunga siku zao baada ya sikukuu, mimi nilikuwa napita mbele yao makusudi natafuna kitumbua. Hakuna aliyeniambia kwamba kile kilichoondoka na damu kilikuwa na kazi nyingine mwilini, na kwamba kazi hiyo ilikuwa imebaki bila mwenyewe.

Kisha Shabani akaanguka kiharusi. Niliacha mwani nikamuuguza. Mchana wote nilikaa pembeni ya kitanda chake nikimgeuza, nikimlisha uji, nikimsomea, na majirani wakatuletea maji na kuni nisije nikatoka. Mwaka haukufika. Alifariki wakati wa kaskazi, joto limeshika, tukamzika alasiri, nami nikaingia eda.

Nisieleweke vibaya. Eda ni amri ya Mwenyezi Mungu, nami niliitimiza kwa moyo. Ila sisi watu wa huku tuna mapenzi yanayopitiliza. Bi Mwanahamisi, dada mkubwa wa marehemu, alihamia kwangu na mto wake na tasbihi yake kuja kunitunza. Nikishika ufagio, anaunyakua. Nikisimama kwenda uani, anauliza unataka nini nikuletee.

"Kaa, wifi yangu," alikuwa akisema. "Mwenye eda hafanyi kazi. Watu watasema tumekutumikisha, na mumeo kaburi halijakauka."

"Wifi, miguu inakufa ganzi."

"Inyooshe hapo hapo mkekani. Mie nitakukanda."

Na kweli ananikanda. Nilipata homa wiki za mwanzo, nikawa nasali nimekaa, na homa ilipoondoka wakanizoesha kusali hivyo hivyo, eti nisijichoshe. Dirisha la chumba lilitundikwa shuka ili wapita njia wasinione, kwa hiyo na jua nikalikosa. Miezi minne na siku kumi, juu ya ule muda wa kuuguza. Mtu aliyekuwa anabeba viroba, sasa kitu kizito kuliko vyote alichonyanyua kilikuwa msahafu.

Faraja yangu ilikuwa moja. Rehema, mwanangu wa pekee, alikuja kujifungulia kwetu, na eda ikiwa katikati akapata mtoto wa kike. Wakamwita Salma. Waliniletea chumbani akiwa bado ana alama za kuzaliwa usoni, wakamlaza mapajani pangu, akanishika kidole akakataa kukiachia. Nililia kilio ambacho sikukilia msibani. Tangu siku ile nilikuwa nangoja jambo moja tu: eda iishe, nifunge mbeleko, nimbebe mjukuu wangu mgongoni nimpeleke ufukweni akaone babu yake alikomkuta bibi yake, maana Shabani alinichumbia nikiwa na kiroba kichwani.

Siku ya kutolewa eda wanawake walijaa uani. Niliogeshwa, ikasomwa dua, nikavishwa dera la mwisho alilonishonea Shabani kabla hajaugua. Nikasimama. Dera likaburura chini.

"Loo, umekwisha kwa majonzi," akasema mmoja. "Nguo imekupwaya mpaka miguuni."

Nikacheka nao, ila kuna kitu kilinichoma. Shabani hakuwahi kukosea kipimo changu. Nilidhani kitambaa kimelegea.

Salma akalia kwenye mkeka. Nami ndiyo nilikuwa naingoja nafasi hiyo! Niliinama kama nilivyoinama maisha yangu yote baharini, miguu imenyooka, mgongo umekunjika, nikamnyanyua. Hapo nikasikia kitu kimeachia katikati ya mgongo. Hakikupiga kelele. Kiliachia tu, na maumivu yakanizunguka mbavu mpaka kifuani, pumzi ikakatika. Sikumwachia mtoto. Bi Mwanahamisi alinirukia akampokea, na mimi nikashuka taratibu mpaka chini, dera la marehemu limenizunguka pote.

Wanadamu hawakosi la kusema. Kabla pilau haijapakuliwa walikuwa wameshapata jibu: marehemu hajaridhika, anamvuta mkewe. Mwingine akasema nilichungulia dirishani kabla ya siku. Astaghfirullahi! Mtu mgongo umemvunjika, mtu anahesabu dhambi zako za dirishani. Bi Mwanahamisi, kwa nia njema, akaniitia mkandaji na mafuta ya nazi ya moto. Yule mama alipobonyeza pale mahali nilipiga yowe akaacha chupa akakimbia. Mkiumia mgongo namna hii, tafadhali, asikande mtu mpaka picha ipigwe.

Rehema ndiye aliyekasirika. Alimpa Bi Mwanahamisi mtoto, akanifunga kanga mbili tumboni, akasema, "Mama, hapa hakuna marehemu wala nini. Twende hospitali."

Bagamoyo mjini tulikaa kwenye benchi la nje ya chumba cha picha tangu asubuhi. Nilijifunza kwamba kuna namna moja tu ya kukaa isiyouma, nusu tako, mkono umeshika benchi. Walipoita jina langu wakanipima kwanza urefu, wakaniuliza zamani nilikuwa na urefu gani. Sikujua. Rehema akainama akashika upindo wa dera, ule uliokuwa ukiburura, akamwonyesha nesi. "Baba alimshonea kwa kipimo," akasema. "Mama alikuwa anafika hapa." Nesi akatazama kile kipande cha nguo kilicholala sakafuni, akaandika.

Kumbe si nguo iliyorefuka. Ni mimi niliyepungua. Nilihisi baridi mwili mzima, na nje jua la saa sita.

Daktari, dada mmoja mpole, alinionyesha picha ya uti wangu. Pingili moja ilikuwa imebonyea upande wa mbele. Nilitarajia kuambiwa nimeanguka au nimerogwa, nikaambiwa mifupa yangu imekuwa miepesi, na mimi sikujua kwamba mfupa unaweza kuwa mwepesi ndani ya mtu aliye hai.

Sitawachosha kwa maneno ya kidaktari, sina hata hayo maneno. Nitasema nilivyoyashika. Mfupa uko hai, mwenzangu. Siku zote nilidhani ni kijiti kilichosimamisha nyama. Kumbe ndani yake kuna kubomoa na kujenga usiku na mchana, tangu umezaliwa. Na ile homoni ya kike, kitu kidogo kwenye damu ambacho hukioni wala hukihisi, ndiyo inayozuia ubomoaji usizidi. Hedhi ikikatika, homoni ile inapungua sana, na wabomoaji wanapata uhuru.

"Lakini mimi hedhi imekatika miaka mingi," nikamwambia, "mbona nilikuwa nabeba viroba bila shida?"

Akaniuliza viroba gani. Nikamweleza mwani. Akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Hivyo viroba ndivyo vilivyokushika, mama. Mfupa ukibebeshwa mzigo, unajua kwamba unahitajika, unajijenga. Homoni ilipoondoka, kazi yako ikasaidia kushikilia. Ulipokaa kitako muda wote ule, na homoni haipo, na kazi haipo, nani abaki kuulinda?"

Subhanallah. Mie nimekulia karibu na majumba ya mawe ya mji mkongwe wa Bagamoyo. Yale yanayokaliwa bado yamesimama. Yale waliyohama wenyewe, dari imeshuka, mtini umeota ukutani, na hakuna aliyeyapiga nyundo. Nilikuwa nayapita tangu utoto na sikujua kwamba kifuani mwangu mna nyumba ya namna hiyo hiyo. Nilikaa pale kwenye kiti nikitazama ile picha, mifupa yangu mwenyewe, na pamoja na maumivu yote niliyokuwa nayo, nikaona haya mbele ya Muumba. Miaka yote hii alikuwa akinijenga nami sijawahi kumshukuru kwa mfupa hata mmoja.

Kisha nikauliza lile nililokuja kuuliza. "Daktari, nitambeba lini mjukuu wangu?"

Akatazama picha, hakunitazama mimi. "Kwa sasa usinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai. Usiiname. Mtoto akae mapajani ukiwa umekaa, anyanyuliwe na mtu mwingine, akuwekee. Kumbeba, sikuahidi."

Sikuahidi! Neno hilo nililibeba mpaka nyumbani, na lilikuwa zito kuliko birika.

Kusi lilinikuta na mkanda mgumu kiunoni. Tulikwenda Dar kwa kipimo cha uzito wa mifupa, unalala kitandani na mkono wa mashine unakupita juu kimya kimya. Kwenye foleni nilikaa na mama mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa Kariakoo, nyonga yake ilivunjika akiteleza msalani. Alikuja na mto wake maalumu wa kiti. Aliniona ninavyohangaika na nusu tako langu, akauchomoa chini yake akanisukumia.

"Chukua, dada. Mimi nyonga, wewe mgongo. Leo mgongo ina shida zaidi."

"Na wewe je?"

"Mimi nitasimama kidogo. Daktari anasema simama, simama. Hapa kila mtu anaambiwa kaa, kaa!"

Tulicheka mpaka nikashika mbavu kwa maumivu. Sijui jina lake, na kila Ijumaa namwombea.

Dawa nilipewa, na kila mtu ana yake, msiniulize jina. Nilimwuliza daktari, kwa nini nisirudishiwe ile homoni yenyewe? Akasema wako wanaopewa, ila mimi, kwa presha yangu na ugonjwa uliomuua mama yangu, haifai. Kidonge changu kilikuwa cha mara moja kwa wiki, kwa maji matupu, tumbo tupu, kisha nusu saa nzima hakuna kula wala kulala. Ikaingia Ramadhani. Adhana inalia, wenzangu wanavamia tende na tambi na mihogo ya nazi, mie nimenyooka kama mlinzi wa geti na bilauri yangu ya maji, nangoja. Rehema alikuwa anapitisha sahani ya sambusa chini ya pua yangu makusudi. Vitumbua vyangu vya zamani vilikuwa vinalipizwa.

Mazoezi nilifundishwa na dada mmoja wa Miono, mkali huyo! Bana mgongo ukutani. Panda kwa vidole vya miguu, shuka. Kaa kitini, simama bila kushika. Tembea uani, asubuhi jua likiwa changa. Nilipomwambia nimechoka akasema, "Umechoka na nini, mama? Kukaa ndiko kulikokuchosha."

Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani nikamwambia wifi, na hapo ndipo tulipogombana. Nilikuwa na hasira, siwezi kuficha. Nilimwambia, "Wewe ndiye uliyeniketisha mpaka mifupa ikaisha." Bi Mwanahamisi alibeba mto wake, akachukua tasbihi yake, akaenda kwao Kaole, na nyumba ikawa kimya mpaka nikajisikia vibaya.

Alirudi baada ya wiki kama mbili, na hakuja peke yake. Alikuja na sheikh wa mtaani kwao, mzee mwenye kikohozi, aliyekaa barazani bila kuvua miwani ya jua. Wifi akasema, "Sheikh, mwambie na yeye ulichoniambia."

Sheikh akasema eda inamzuia mjane kuolewa, kujipamba, kujitia manukato, na kutoka bila ya haja. Kutembea ndani ya ua wake, kufagia, kuchota maji yake, kusimama kwenye swala akiweza, hakuna aliyemkataza. "Tumeyaongeza wenyewe," akasema, "kwa huruma."

Wifi alikuwa analia. "Nilidhani nakuhifadhi," akaniambia. "Ndugu yangu aliniachia wewe."

Nilimwambia anishike mkono tuzunguke uani. Tukazunguka. Tangu siku hiyo kila asubuhi tulizunguka pamoja, yeye na magoti yake, mimi na mkanda wangu, mpaka mchanga wa ua ukafanya njia.

Lakini kilichoniuma hakikuwa mgongo. Kilikuwa sauti. Salma alianza kutambaa, akawa anakuja kwangu mikono juu, na nyumba nzima inapiga kelele kwa pamoja: "Bibi habebi!" Rehema anapiga kelele kutoka jikoni, wifi kutoka uani, hata jirani juu ya ukuta. Wanamnyakua. Mtoto anashangaa. Kusi likapita, vuli ikapita, naye anajaa mashavu, anajaa mapaja. Niliona kama tunakimbizana, yeye anaongezeka haraka na mifupa yangu inaongezeka kwa kujivuta, na kila mwezi ananiacha nyuma. Nilikuwa nampakata nikiwa nimekaa, nanusa kichwa chake, namwomba Mungu amkuze, na papo hapo naomba asikue upesi. Dua ya ajabu hiyo, sijui malaika aliipokeaje.

Akaanza kutembea. Na siku moja alikuja mpaka mbele yangu, akanyanyua mikono, akajizuia mwenyewe, akaishusha. Akatikisa kichwa. "Bibi habebi," akasema. Lilikuwa miongoni mwa maneno yake ya mwanzo. Nikaingia chumbani nikafunga mlango.

Mwani niliurudia kidogo kidogo, si kubeba, kufunga mbegu kwenye kamba nikiwa nimesimama kwenye meza kivulini, kisha kuingia majini mpaka magotini. Haba na haba. Na baada ya kaskazi nyingine kupita tulirudi Dar kwenye ile mashine. Daktari aliweka karatasi mbili pamoja, ya zamani na mpya. Pingili iliyobonyea haitarudi, urefu wangu haurudi, hilo alisema waziwazi. Lakini mifupa haikuwa imeshuka tena. Imepanda. Kidogo, akasema, na akaonyesha kwa kidole.

Mtu mzima, mwenye mjukuu, homoni imeondoka zamani, na bado mwili unajenga! Hakuna aliyeuamuru ila mzigo mdogo na jua na zile dawa. Nilisujudu palepale? Hapana, kuinama nilikuwa nimekatazwa. Niliweka kiganja kwenye paji la uso nikakaa hivyo mpaka daktari akaniuliza kama naumwa.

"Na mjukuu?" nikauliza.

"Ana uzito gani sasa?"

Rehema akataja. Daktari akafikiri. Akanifundisha: usiiname kiunoni, chuchumaa, mkumbatie kifuani, nyanyuka kwa miguu. Akanifanyisha pale pale na begi la Rehema, mara kadhaa, mpaka akaridhika.

Nilivaa dera la Shabani siku hiyo ya kurudi. Wifi alikuwa amelipunguza chini kwa mkono, upindo mpana, bila kukata, nguo ya ndugu yake yote imo. Tulipofika, Salma alikuwa uani kwenye ile njia yetu ya mchangani. Nikachuchumaa. Nikafungua mikono. Hakuja. Alisimama akanitazama, akatikisa kichwa, akanikumbusha kwa upole kama mtu mzima:

"Bibi habebi."

"Leo anabeba," nikasema. "Njoo."

Alimtazama mama yake kwanza. Kisha akaja, akaingia kifuani, mikono shingoni. Nikamkumbatia, nikakanyaga ardhi, nikanyanyuka. Bi Mwanahamisi alikuwa ameshanyoosha mikono yake miwili chini yetu, kama siku ile. Nikasimama wima, wima wangu huu mfupi wa sasa. Wifi akasubiri, kisha akashusha mikono.

Alikuwa mzito, mwenzangu. Mgongo ukajua kwamba umebebeshwa. Alhamdulillahi, alikuwa mzito.